Bahari Upande wa Kushoto: Kwa Karavani Kando ya Ghuba Kuu ya Australia

Neno msafara katika Kiswahili limebeba kwa muda mrefu sura ya watu wengi wanaokwenda kwa mstari mmoja, wapagazi wakiwa na mizigo kichwani na begani, na mbele yao kirangozi, yaani yule aliyejua njia, visima na tabia za wenyeji. Ndiyo sura iliyobaki katika historia ya Bagamoyo, Pangani na Kilwa. Neno la Kiajemi lenye maana hiyohiyo lilipita katika Kiingereza na kufika Australia likiwa limepungukiwa watu na kubaki na chombo tu, kwa kuwa karavani huko ni nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda, jiko la gesi, jokofu na sinki, ambayo hufungwa nyuma ya gari na kukokotwa. Hata hivyo ipo sehemu moja ya pwani ya kusini ya nchi hiyo ambako chombo hicho hurudi kuwa msafara kwa maana ya kale, kwa sababu mwenye kukikokota hulazimika kukokotoa kwanza: maji lita ngapi, mafuta kiasi gani, na umbali gani kutoka kituo hadi kituo.

Sehemu hiyo hupitiwa na Barabara Kuu ya Eyre, inayoanzia Port Augusta katika jimbo la Australia Kusini na kuishia Norseman, mji wa dhahabu katika jimbo la Australia Magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kandokando ya Ghuba Kuu ya Australia. Wasafiri wengi huuhesabu ugumu wa njia kuanzia Ceduna, mji mdogo wa chaza na nafaka, ambako zimebaki kilomita 1,200 hivi na ambako duka la mwisho la vyakula lenye bei za kawaida huachwa nyuma. Anayetoka mashariki kwenda magharibi huwa na bahari upande wa kushoto kwa siku tatu au nne, lakini kwa sehemu kubwa ya siku hizo haioni, kwa kuwa barabara imejengwa ndani kidogo, juu ya ardhi iliyo tambarare kiasi kwamba kichaka cha kimo cha goti kinatosha kuficha upeo wa maji. Mtu anaweza kuipita pwani hiyo yote na kutoka na kumbukumbu ya nchi kavu tu, na wako wengi wa namna hiyo.

Ardhi yenyewe inaitwa Uwanda wa Nullarbor, jina lililoundwa katika miaka ya 1860 na mpima ardhi Delisser kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya «hakuna mti». Ni bamba la mawe ya chokaa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 200,000, ambalo lilikuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, likajengwa kwa magamba na mifupa ya viumbe wa majini, kisha likainuliwa juu bila kukunjwa. Msomaji wa Unguja au Lamu ana namna rahisi ya kulielewa, maana mawe ya matumbawe yaliyojenga misikiti na nyumba za pwani yetu ni jamaa wa mawe hayo, na ardhi ya mashariki mwa Unguja, ambayo wenyewe huiita uwanda au maweni, ina tabia ileile ya kunywa mvua papo hapo, ikaipeleka mapangoni na kuacha juu ukavu na vichaka. Tofauti kubwa ni ya kipimo. Katika Nullarbor hakuna hata mto mmoja unaofika baharini. Maji hayakosekani kwa kuwa mvua hainyeshi kabisa, bali kwa kuwa hayakai juu, na yale yaliyoko chini, yanapofikiwa kwa kuchimba, aghalabu ni ya chumvi.

Ndiyo maana hesabu ya karavani huanza na maji. Karavani ya kawaida ya familia huwa na matanki mawili chini ya sakafu, kila moja likichukua lita 80 au 90 hivi, na kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja, matanki yaliyojaa pamoja na madumu mawili ya lita 20 huongeza zaidi ya kilo 200 kwenye chombo ambacho tayari kinakaribia kikomo chake kisheria. Uzito huo nao una mahali pake. Takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wa karavani inatakiwa ikae juu ya kiungo kinachoifunga kwenye gari, na mtu anayerundika mizigo yake nyuma kabisa hugundua, upepo wa ubavuni unapovuma, kwamba chombo kimeanza kuyumba na kulitikisa gari kama mkia unaomtikisa ng'ombe. Upepo wa magharibi ukikaza, mafuta huliwa kwa kasi isiyotarajiwa, na aliyejaza tangi kwa kuangalia ramani peke yake hufika kituo kinachofuata taa ya onyo ikiwa imewaka muda mrefu. Wenye uzoefu, ambao wengi ni wastaafu waliouza au kukodisha nyumba zao na ambao Waaustralia huwaita kwa utani wahamaji wenye mvi, huyapima yote hayo kwenye mizani kabla ya kuondoka, na usiku hawaendeshi, kwani giza ndilo wakati wa kangaruu, ngamia na wombati, mnyama mnene mwenye miguu mifupi anayechimba mashimo, ambaye akigongwa huharibu gari kama jiwe.

Kilomita sabini hivi baada ya Ceduna, kijiji cha Penong huonekana kwa vinu vyake vya upepo, mapangaboi ya chuma yanayopiga maji kutoka chini na kuyapandisha kwenye matangi. Wapo wanaoviona vinu hivyo kuwa pambo la picha, ingawa ni ushahidi kwamba kila nyumba pale ilipaswa kujitafutia kisima chake. Mbele zaidi njia inakatiza ardhi ya Yalata, makao ya watu wa Anangu, ambao hawakuichagua pwani hiyo kwa hiari. Wengi wao walihamishiwa huko mwaka 1952 kutoka Ooldea, upande wa kaskazini, ilipofungwa misheni iliyokuwa kando ya reli. Na tangu mwaka 1956 hadi 1963 Uingereza ilifanya majaribio ya silaha za nyuklia huko Maralinga, katika ardhi yao. Ooldea palikuwa na chemchemi ya chini ya mchanga, mahali pa kukutania watu kutoka pande zote za jangwa kwa vizazi visivyohesabika, lakini reli ya kuvuka bara ilipokamilika mwaka 1917 injini zake za mvuke zilianza kunyweshwa maji hayo, visima vikachimbwa kupita kiasi, udongo wa mfinyanzi uliokuwa umeyashika maji ukatobolewa, na katika miaka ya 1920 chemchemi ikaharibika. Mapishano hayo ya chemchemi na injini yanaeleza mengi kuhusu eneo hili kuliko jina la Kilatini, ambalo linataja kisichokuwepo na kunyamazia kilichokuwepo.

Bahari hujitokeza kwa mara ya kwanza mahali panapoitwa Head of Bight, yaani kichwa cha ghuba, ambako matuta meupe ya mchanga kutoka mashariki hukutana na magenge yanayoanza kuelekea magharibi. Kati ya Mei na Oktoba nyangumi wakubwa weusi huja kuzaa na kunyonyesha katika maji tulivu chini ya genge, wakikaa karibu sana na ukuta wa mawe hata msafiri aliyesimama juu husikia pumzi zao. Jina lao la Kiingereza maana yake ni nyangumi wa kufaa, kwa kuwa kwa wawindaji wa karne ya 19 walikuwa windo lililofaa: huogelea polepole, hukaribia pwani, na wakiuawa huelea badala ya kuzama. Walikaribia kwisha kabla ya kulindwa na mkataba wa kimataifa katika miaka ya 1930. Kwa Wamirning, wenyeji wa asili wa magenge hayo, nyangumi huhesabiwa miongoni mwa jamaa, na kwa mujibu wa hesabu hiyo uwindaji ule una jina jingine.

Hapo ndipo kisa cha Edward John Eyre, ambaye barabara imepewa jina lake, kinapohitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kando ya njia kuna vibao vya kumsifu na vibao hivyo huruka jambo la msingi. Eyre aliondoka Fowlers Bay mwezi Februari 1841 akiwa na msimamizi wake John Baxter, vijana watatu wenyeji, farasi wapatao kumi, kondoo sita na chakula cha majuma tisa, kwa nia ya kufika Albany, upande wa pili wa bara. Alikuwa amekwisha kujaribu mara kadhaa kuuzunguka ukingo wa ghuba na kushindwa kwa kiu ya farasi. Kilichomvusha hatimaye hakikuwa ujasiri, ambao hata hivyo hakuupungukiwa; wenyeji wa kichwa cha ghuba walimwonyesha kwamba chini ya matuta meupe, hatua chache kutoka maji ya chumvi, mvua iliyonywewa na mchanga hukaa juu ya maji mazito ya bahari bila kuchanganyika upesi, na mtu akichimba kwa kina cha kadiri hupata maji matamu. Wavuvi wa pwani nyingi za Afrika Mashariki wanayajua maji ya namna hiyo. Walimweleza pia kwamba matuta mengine yako mbali sana mbele, na kwamba katikati hakuna kitu.

Katikati hiyo ilikuwa na zaidi ya kilomita 200. Magenge ya Bunda, ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 60 hadi 120, huanza mara tu baada ya kichwa cha ghuba na kuendelea kwa umbali mrefu bila bandari wala mteremko, jambo ambalo lina maana kwamba msafara wa Eyre ulitembea ukiyaangalia maji yasiyo na mwisho ambayo haukuweza hata kuyafikia, na ambayo hata ukiyafikia usingeyanywa. Leo barabara ina vijia vya changarawe vinavyomfikisha msafiri ukingoni, na hapo tabaka huonekana wazi: chokaa nyeupe chini, iliyotokana na bahari ya kale zaidi, na juu yake mawe ya kahawia yaliyo magumu, ambayo hubaki yakining'inia mawimbi yanapoula mguu wa ukuta hadi kipande kizima kikaanguka. Uzio uko mahali pachache tu. Wanaoegesha karavani zao mita chache kutoka ukingo ili wapate picha ya machweo hawajui wameegesha juu ya nini, au wanajua.

Magenge yanapoishia upande wa magharibi, kwenye mpaka wa majimbo mawili, msafiri husimamishwa na wakaguzi wa kilimo, kwa kuwa Australia Magharibi hairuhusu matunda mabichi, mboga za aina nyingi wala asali kuingizwa, ikikinga mashamba yake dhidi ya wadudu na magonjwa. Ndiyo sababu usiku wa mwisho kabla ya mpaka karavani hunuka supu: viazi, karoti na vitunguu vyote vilivyonunuliwa Ceduna huingia sufuria moja. Saa nazo hubadilika hapo, tena kwa namna isiyo ya kawaida, maana vijiji vichache kati ya mpaka na Caiguna hufuata saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth, ambayo haimo katika sheria yoyote lakini imebandikwa ukutani katika kila kituo. Msafiri mzoefu wa saa rasmi hutatizika. Aliyezoea kuhesabu saa moja kuanzia macheo, kama Waswahili wafanyavyo, angeona kwamba watu hao wamejitahidi tu kulikaribia jua lao.

Eucla, kijiji cha kwanza baada ya mpaka, kiko juu ya ngazi ya mawe, na chini yake, karibu na bahari, yamebaki magofu ya kituo cha telegrafu kilichofunguliwa mwaka 1877. Telegrafu, yaani upelekaji wa maneno kwa midundo ya umeme kwenye waya, iliziunganisha wakati huo koloni mbili zilizotumia taratibu tofauti za midundo, hivyo makarani wa upande mmoja waliupokea ujumbe, wakauandika kwenye karatasi, wakawapa kwa mkono wenzao wa upande wa pili waliokaa chumba hichohicho, nao wakaugonga upya kwa utaratibu wao. Kituo kilijengwa pale kwa sababu ileile iliyomwokoa Eyre, matuta yenye maji chini yake. Katika miaka ya 1890 sungura walioletwa na Wazungu walifika, wakala majani yaliyoyashika matuta, mchanga ukaachiliwa, na nyumba zikaanza kufukiwa; mwaka 1927, waya ulipohamishiwa kando ya reli kaskazini, kituo kikafungwa. Kuta za chokaa hufunuliwa na kufunikwa kulingana na upepo, na watu wawili waliozizuru katika miaka tofauti huenda wasikubaliane urefu wake.

Magharibi mwa Eucla barabara hushuka na kupita chini ya ngazi hiyo ya mawe hadi Madura, kisha hupanda tena. Vituo huwa mbali kwa saa moja na zaidi, na kila kimoja kina pampu za mafuta, chumba cha chakula, uwanja wa kuegesha karavani na tangazo kwamba maji si ya kujaza matanki, kwa kuwa mengi husafishwa chumvi kwa mashine zinazokula dizeli iliyoletwa na malori. Malori hayo ni treni za barabarani, yaani kichwa kimoja chenye tela mbili au zaidi, urefu ukifika mita 36.5, na yanapolipita gari linalokokota karavani hulisukuma kwanza kwa upepo wa mbele kisha hulivuta kwa upepo wa nyuma, kiasi kwamba madereva wa pande zote mbili huzungumza kwa redio kabla ya kupishana. Burudani iliyobuniwa mwaka 2009, uwanja wa gofu wenye mashimo 18 yaliyotawanywa kwa kilomita 1,365 kutoka Ceduna hadi Kalgoorlie, inaweza kupitwa kwa kimya na yeyote asiyecheza mchezo huo.

Karibu na pwani, kusini mwa sehemu hii ya njia, Baxter aliuawa usiku wa tarehe 29 Aprili 1841 kwa risasi ya mmoja wa vijana wawili waliotoroka na bunduki na sehemu kubwa ya chakula. Eyre hakuweza kumzika, maana mwamba ulitanda pande zote na hakuwa na cha kuutoboa; alimfunga katika blanketi akamwacha juu ya jiwe. Alibaki na Wylie, kijana wa Albany ambaye kwake safari hiyo haikuwa uvumbuzi bali njia ya kurudi nyumbani. Waliishi kwa maji ya matuta, kwa maji yaliyokamuliwa kutoka mizizi ya miti kwa ufundi waliojifunza kwa wenyeji, na asubuhi nyingine kwa umande uliofyonzwa na sifongo kutoka majani ya vichaka. Mwezi Juni waliiona meli ya Kifaransa ya kuwinda nyangumi, Mississippi, iliyokuwa na nahodha Mwingereza aitwaye Rossiter, wakapumzika ndani yake majuma mawili hivi, kisha wakaendelea kwa miguu na kufika Albany tarehe 7 Julai. Wylie alipewa posho ya chakula na serikali ya koloni. Eyre alipewa medali, na baadaye ugavana wa Jamaika, ambako mwaka 1865 alikandamiza uasi wa Morant Bay kwa mauaji ya zaidi ya watu 400. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba vibao vya kando ya barabara, ambavyo humwacha Eyre akiwa kijana mwenye kiu milele, vingenufaika na sentensi moja zaidi.

Kilomita chache magharibi mwa Caiguna liko tundu ardhini ambalo hupumua: hewa iliyomo kwenye mapango hutoka kwa nguvu shinikizo la hewa ya nje linaposhuka, na huingia linapopanda, hivyo mtu aliyeweka uso wake juu ya tundu siku ya joto hupata upepo wa baridi kutoka chini. Karibu na hapo huanza mstari ulionyooka wa kilomita 146.6 kuelekea Balladonia, bila kona hata moja, ambao dereva huvumilia zaidi kuliko anavyouendesha. Njia ya lami hapa ni ya juzi: barabara ilichongwa mwaka 1941 na 1942 kwa mahitaji ya vita, upande wa magharibi ukapata lami yote mwaka 1969, na kipande cha mwisho cha mashariki kikamalizwa mwaka 1976.

Kabla ya lami, mizigo ya ukanda huu ilibebwa na ngamia, na waendeshaji wake waliitwa Waafghani wote kwa pamoja, ijapokuwa wengi walitoka Balochistan, Punjab na Sindh. Wabulushi, yaani watu wa Balochistan, walikuwa pia askari wa Sultani wa Zanzibar, na baadhi yao ndio waliofuatana na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipotoka pwani kwenda Tabora mwaka 1857. Bahari ileile ya Hindi iliwapeleka watu wa kabila moja kulinda misafara upande huu na kuiongoza upande ule. Karibu na Balladonia iko miamba inayokusanya maji ya mvua na kuitwa Afghan Rocks, na masimulizi ya eneo hilo huhusisha jina hilo na mwendesha ngamia aliyepigwa risasi mwaka 1894 baada ya kukutwa akiosha miguu katika maji hayo. Msomaji anayejua udhu hahitaji kuelezwa kilichokuwa kikifanyika, na msafiri aliyepima lita zake tangu Ceduna anaelewa pia hasira ya yule mwingine, bila kuihesabia haki.

Miti hurudi polepole baada ya Balladonia, mikalitusi mirefu yenye magome ya rangi ya shaba, hadi barabara inapoishia Norseman. Katika uwanja wa karavani wa mji huo kila eneo la kuegesha lina bomba lake, na jambo la kwanza wanalofanya wageni, kabla ya kutandaza viti au kuwasha jiko, ni kufunga mpira na kujaza matanki. Maji hayo si ya Norseman. Yanatoka katika bwawa la Mundaring, kwenye vilima vya nyuma ya Perth, yakisukumwa kwa pampu katika bomba la chuma lililofika Kalgoorlie mwaka 1903 na kurefushwa baadaye hadi hapa, zaidi ya kilomita 700 kwa jumla, na mchana wa jua kali hutoka yakiwa ya moto.